Tembo mzima anapikika, ila harusi itakuwa imeshapita

Mkuu, umeuliza mambo mawili: tembo mzima anapikwaje kwa harusi ya wageni 3,000, na kama kazi hiyo inaweza kuisha ndani ya siku moja. La pili ni jepesi: haiishi. La kwanza linahitaji tukae kitako. Nimeshika mwiko kwenye shughuli kubwa kwa muda mrefu, ng'ombe wazima nimewageuza juu ya makaa, na ninayoyajua kuhusu ng'ombe yananitosha kumwogopa tembo. (Najua unatania, ila kwa atakayesoma akapata wazo: tembo analindwa na sheria, kwa hiyo mapishi haya ni ya kula kwa macho.)

Kinachokuponza ni hilo neno "mzima". Ng'ombe akiwa juu ya moto utamwona kapendeza, ngozi ya juu imekauka rangi ya kahawia, mafuta yanadondoka kwenye makaa, na kila anayepita anauliza kama tayari. Chomeka kisu begani mpaka kigonge mfupa, kisha kichomoe. Maji yanayofuata kisu ni mekundu. Joto halina haraka ndani ya nyama, na kadiri pande linavyonenepa ndivyo linavyozidi kuchelewa: unene ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Pande la sentimita 10 kwenye maji yanayochemka huiva mpaka katikati kwa kama saa 2. Kiwiliwili cha tembo mkubwa tukikipa upana wa mita moja na nusu, hiyo ni mara 15 ya pande lako, na 15 mara 15 ni 225. Zidisha kwa saa 2 upate saa 450, yaani karibu siku 19 mchana na usiku.

Na hizo siku 19 hazipiti kimyakimya. Tembo anakufa akiwa na joto la kama nyuzi 36, na vijidudu vya kuozesha nyama vinastawi kati ya nyuzi 5 na 60, kwa hiyo katikati pake panabaki makazi mazuri ya vijidudu wakati nje unachochea kuni. Usisahau tumbo. Huyu mnyama anaweza kula kilo 150 za majani na matawi kwa siku, na yaliyomo humo yanaendelea kuchacha na kutoa gesi hata mwenye tumbo akishafariki. Sitaki kuwa karibu na sufuria hiyo siku ya tatu. Wala wewe hutaki bibi harusi awe karibu.

Tuseme bado umeng'ang'ania. Sufuria iwe na urefu wa mita 7, upana 2 na nusu na kina cha 3, ambayo ni zaidi ya lita 50,000. Wahenga walisema tembo hashindwi na mkonga wake, lakini mafiga hawakuyasemea. Ndani ya sufuria hiyo tembo wa tani 5 atachukua lita kama 5,000 tu, zilizobaki 45,000 ni maji, na maji ndiyo yanayokula kuni. Kuni kavu kilo moja ina takriban megajuli 16 (megajuli ni kipimo cha nishati), na kwenye moto wa wazi ukipata moja ya kumi ikiingia chunguni umebahatika. Nimepiga hesabu: tani 9 na nusu za kuni ili maji yaanze kuchemka. Hapo bado hujaanza kuhesabu siku 19. Chumvi, gramu 10 kwa kila kilo ya vilivyomo, ni magunia kumi ya kilo 50. Atakayeonja awe na upawa wenye mpini wa mita 3 na bima ya maisha.

Kwa hiyo mkatekate vipande, mkuu. Hapa nina habari njema kwa aliyewahi kupasua nyongo akaharibu maini yote: tembo hana mfuko wa nyongo. Habari mbaya ni kwamba mapafu yake yameshikana na ukuta wa kifua, kwa hiyo hayatoki kwa kuvutwa, itabidi uingie na kisu. Nasema uingie kwa maana ya kuingia kweli, mguu mmoja baada ya mwingine.

Sehemu ya kugombea ni mguu. David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alipokuwa mto Zambezi, safari ya 1858 mpaka 1864, alipikiwa mguu wa tembo kwa namna ambayo mpishi yeyote ataikubali: shimo, moto mkali mpaka ardhi yenyewe ishike joto, mguu ndani, majivu ya moto na udongo juu, kisha moto mwingine juu yake usiku kucha. Asubuhi wakala. Akasifu kuwa ni mweupeweupe, wa kunatanata, mtamu kama uboho. Inaeleweka, maana kwenye wayo kuna tabaka nene la mafuta na tishu ngumu, na tishu za namna hiyo zikikaa kwenye joto la chini kwa saa nyingi hugeuka ute. Ulimi na mkonga navyo alivikubali vikichemshwa taratibu, na mkonga una faida kwamba hauna mfupa hata mmoja. Nyama nyingine alisema ngumu. Akashauri pia ukishakula mguu utembee safari ndefu, usije ukasumbuliwa na nyongo. Ajabu mnyama asiye na mfuko wa nyongo akusumbulie ya kwako.

Na si yeye peke yake aliyelalamikia ugumu. Paris ilipozingirwa na majeshi ya Prussia (dola ya Wajerumani), mwishoni mwa 1870, tembo wawili wa bustani ya wanyama, Castor na Pollux, waliuawa kwa risasi wakauzwa buchani. Mwandishi Mwingereza Henry Labouchère, aliyekuwa amefungiwa humo mjini, alionja akasema ni ngumu, ina nyuzinyuzi na mafuta. Mtu mwenye njaa akisema nyama mbaya, mwamini.

Vipimo vya wageni: ukipata kilo 1,500 za nyama safi, na kila mgeni ukampa gramu 300 mbichi, watu 5,000 wanakula. Wewe una 3,000, kwa hiyo kilo 600 zinabaki. Zichane vipande vyembamba uzikaushe. Kuni zikibaki usizigawe, utachemshia maji ya kuoshea hiyo sufuria.