Jibu: Mkurugenzi ametangaza "ajali sifuri", ghalani hakuna kilichobadilika
Habari za kazi, ndugu. Kama nimekuelewa vyema, mkurugenzi mkuu wenu ametangaza lengo la "ajali sifuri" kwa barua na mabango, ghalani kwenu Barabara ya Nyerere mambo ni yale yale, nawe umeagizwa uandae hotuba nyingine.

Kabla ya hotuba, angalia kwanza kama taarifa za matukio yaliyokaribia kuwa ajali zimepungua tangu lengo litangazwe. Katika kiwanda nilichofanyia kazi Chang'ombe, taarifa zilikauka mara tu bonasi ya idara ilipofungamanishwa na idadi ya ajali, kwa sababu aliyejikata kidole alikifunga kitambaa na kunyamaza ili asiwakoseshe wenzake fedha. Kwa hiyo mshauri mkurugenzi atangaze vitendo vinavyoweza kuhesabiwa: kila foklifti ikaguliwe kabla ya zamu, na kila hitilafu inayoripotiwa ijibiwe ndani ya wiki moja, hata kama jibu lenyewe ni kwamba fedha bado hazijapatikana.

Wawakilishi wa usalama, wanaotambuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, waulizwe kabla vitendo hivyo havijatangazwa. Mkurugenzi naye akishuka ghalani avae kofia ngumu na viatu vya usalama (wakubwa wengi hulisahau hili), aulize ni kazi gani inayowatia watu hofu, kisha asikilize. Vibarua wa kutwa nao waitwe, maana barua za ofisini haziwafikii.