Jibu: Doki ya diski yenye usimbaji, kompyuta inataka kufomati

Mkuu, umesema umechomeka diski ya zamani yenye picha za harusi za wateja kwenye doki mpya ya usimbaji (kifaa cha kuchomekea diski kinachofunga data kwa siri), na kompyuta inauliza kama uifomati, yaani uifute na kuiandaa upya. USIBONYEZE NDIYO. Diski haijafa.

Doki ya namna hiyo ina chipu inayosimba kila kinachoandikwa na kufumbua kila kinachosomwa. Diski yako iliandikwa bila usimbaji, kwa hiyo chipu "inafumbua" kitu ambacho hakikufungwa na kompyuta inaona takataka tupu. Itoe, isome kwa doki ya kawaida (mafundi wengi wa kompyuta wanayo), nakili picha zote mahali pengine, zifungue kadhaa uhakikishe. Hapo ndipo uirudishe kwenye doki ya usimbaji, uifomati, kisha urejeshe picha.

Ufunguo wa doki (kijifaa kinachobeba siri ya kufumbua) ukija na pacha wake, huo wa pili usikae mkoba mmoja na doki. Mimi wangu uko kwa dada, Nyegezi. Funguo zote mbili zikipotea, hakuna fundi Mwanza nzima atakayekutolea picha hizo. Na doki ikiungua, utahitaji ufunguo huohuo na doki ya aina ileile, kwa hiyo nakala ya pili kwenye diski nyingine ni lazima.

Diski za inchi 3.5 zinahitaji volti 12 kutoka adapta, hazijitoshelezi kwa waya wa USB. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili zinaweza kuharibika. Weka UPS (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika), doki nayo uichomeke humo, siyo kompyuta peke yake.