Suruali ikifa magotini, ikate

Septemba ikiingia Lubumbashi, ile baridi ya Juni na Julai inabaki hadithi. Vumbi jekundu limelala juu ya kila jani, na mpaka mvua ya Novemba ije, sisi tunaopanga vigae tutashinda tumepiga magoti katika vyumba vya mabati visivyo na dari, jasho likidondokea saruji. Hapo ndipo vijana wa kazi wananiuliza: yaya (yaani kaka), kaptula gani ya jinzi haitanipasukia?

Jibu langu ni lile lile kila mwaka. Usinunue kaptula. Tafuta suruali iliyokufa magotini.

Kaptula nyingi mpya zinazotundikwa sokoni zimeshonwa kwa ajili ya kutembea Jumapili. Kitambaa chepesi, kina mpira ndani ili kivutike, na siku ya kwanza ukichuchumaa kukata kigae unasikia nyuma kunalia. Suruali ya kazi imeshonwa na mtu aliyejua utainama. Kinachoisha kwanza ni magoti, na magoti yakitoboka hakuna anayeitaka tena. Kwenye marundo ya mitumba pale soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, hizo ndizo muuzaji anazisukuma chini kabisa. Mimi naanzia chini.

Ukiishika, igeuze ndani nje kabla ya kuuliza bei. Tazama mshono wa paja: kingo mbili ziwe zimekunjwa na kuumana, zikapigwa mistari miwili ya uzi, usione nyuzi zinaning'inia. Halafu shika pale mishono minne inapokutana, kati ya miguu, uvute kwa mikono miwili. Mshono ukifunguka vitundu, irudishe. Mwisho inyanyue juani. Ukiona mwanga makalioni, hiyo imekwisha pia, hata kama mbele inapendeza. Kwa joto letu sitafuti kitambaa kizito kuliko vyote; chenye gramu 340 hadi 400 hivi kwa mita moja ya mraba kinatosha. Kilichozidi hapo kinavumilia kweli, ila saa saba mchana kinakupika.

Vile vifungo vidogo vya shaba kwenye kona za mifuko si urembo. Jacob Davis, fundi wa nguo huko Marekani, alivianzisha kwa sababu mifuko ya vibarua ilikuwa inang'oka, na hati ya kumiliki ubunifu huo, yeye pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss, ilitoka mwaka 1873. Ukitia mita ya chuma mfukoni kutwa nzima utamshukuru.

Sasa rangi, na hapa nina kesi ya kujibu. Mara ya kwanza nilipata suruali ngumu, buluu ya nili kabisa, inaonekana haijawahi kuona maji. Nikaikata usiku, asubuhi nikaivaa kazini. Jasho likafanya kazi yake. Mchana mama mwenye nyumba akanipa maji, nikakaa kwenye kiti chake cha kitambaa cheupe. Nilipoinuka akaita, "Papa fundi, njo nini hii?" Nikageuka: makalio yangu mawili yamechorwa pale, buluu, kila upande wake. Nilisugua kiti kile mpaka giza, na siku ile sikudai hela yangu.

Nili, hiyo rangi ya buluu ya jinzi, haiingii ndani ya uzi kama rangi nyingine. Haiyeyuki katika maji, kwa hiyo kwenye pipa wanaibadilisha kwanza kwa dawa. Uzi unatoka na rangi ya kijanikijani, kisha hewa inaugeuza buluu. Rangi inakaa juu juu. Siku unapokata mguu wa suruali, angalia ncha za nyuzi kwa karibu: ni kama muhogo, ganda lina rangi, ndani mweupe. Ndiyo maana jinzi inapauka pale unapoisugua, na ndiyo maana mpya inachuja. Wanaokuambia uiloweke kwa chumvi na siki wanapoteza chumvi tu. Ifue peke yake, ndani nje, maji baridi, mara tatu au nne mpaka maji yawe karibu safi, uianike kivulini. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, usiiguse: inaua nili na inadhoofisha pamba.

Kuifua kunasaidia jambo jingine. Muzee anayenishonea, mwenye cherehani barazani, hapokei nguo kabla ya kuuliza, "Ulifua?" Jinzi ambayo haijalowa inaweza kusinyaa, zaidi kwa urefu, na kaptula iliyokatwa kabla ya hapo inaishia kuwa ya mtoto wako.

Kukata: ivae, kaa chini kabisa kama uko kazini, weka alama ya chaki juu kidogo ya goti, kisha kata sentimita tano chini ya alama. Watu hupima wamesimama, halafu wanashangaa inapanda mpaka pajani. Ukingo ukunjwe mara mbili. Mwambie fundi aweke sindano namba 16 au 18 na uzi wa polista. Uzi wa pamba unaoza kwa jasho kabla ya kitambaa.

Kuna siku kaptula inabaki nyumbani. Ukichanganya saruji au kumwaga zege, vaa suruali na buti, maana saruji mbichi inababua ngozi polepole na utajua jioni. Ukichomelea vyuma, hivyo hivyo. Cheche haziogopi paja.

Na ile miguu uliyokata, usiitupe. Sehemu nzima ya chini, ile ya kwenye kigimbi, mimi nimeishona upande mmoja, nikajaza vipande vya sponji ya godoro la zamani, nikafunga upande wa pili. Ndiyo ninayopigia magoti sasa. Imeingia msimu wa tatu, na kaptula yake pia.