Nitatundikaje mabegi, funguo na ratiba za watoto bila kumomonyoa plasta?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Tunaishi nyumba ya kupanga Mbagala, mimi, mume wangu na watoto 3. Mkubwa yuko darasa la 6, mdogo ana miaka 4. Kila asubuhi ni msako: daftari la huyu, begi la yule, funguo hajulikani nani kaishika mara ya mwisho. Nataka sehemu moja ukutani ya kuweka mambo yetu yote. Nilipiga misumari, plasta ikabanduka kipande kizima na mwenye nyumba akaja juu. Pesa sina nyingi. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Tuanze na ule msumari. Kuta nyingi za Dar es Salaam ni tofali za mchanga na saruji zilizopigwa plasta ya sentimita 1.5 hivi, pengine 2. Msumari mfupi unaishia kwenye plasta. Kila nyundo inapotua, plasta inatikisika mpaka inaachana na tofali, na begi la shule likining'inia hapo siku mbili tatu linamalizia kazi. Zile kulabu za kubandika nazo nakushauri uziache. Gundi yake inashika rangi tu, na rangi ya nyumba nyingi za kupanga inatoka unga hata ukiigusa kwa kiganja.

Ukuta wako uubebeshe kitu kimoja tu: ubao. Vingine vyote vibebwe na ubao huo. Nenda kwa mafundi samani wa Keko au karakana yoyote ya mtaani kwako, uliza mabaki. Kipande cha paini cha inchi 1 kwa 4, urefu sentimita 120, mara nyingi kinakuwa kimelala pembeni kikingoja kuchomwa. Mwombe akupigie randa palepale.

Kulabu za chuma si lazima ununue. Chukua mpini wa ufagio wa mbao, kata vipande vya sentimita 10, fundi akutobolee ubao matundu yanayolingana na unene wa mpini, yakiinama kidogo ili kigingi kikiingia ncha yake itazame juu. Tia gundi ya mbao, acha usiku kucha. Weka vigingi 5, kimoja kwa kila mtu, na nafasi ya sentimita 20 au zaidi kati yao, maana mabegi yakibanana watoto watayarudisha sakafuni. Kigingi cha mbao nakipenda kwa sababu nyingine pia: mtoto akijigonga hapo, ncha yake butu haichomi kama ya chuma.

Sasa ukutani. Azima drili yenye biti ya zege ya milimita 8. Nunua skrubu 4 za inchi 3 zilizopakwa zinki, pamoja na fisha zake, kile kidude cha plastiki kinachotangulia tunduni. Usikubali zile skrubu nyeusi za jipsamu. Ni ngumu lakini hukatika kama kijiti zikibeba uzito, na hewa ya pwani huzishika kutu mapema. Skrubu za mwanzo na mwisho zikae sentimita 10 kutoka kila ncha ya ubao, nyingine mbili uzigawe katikati. Kuupata usawa bila pimamaji, tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani: maji ya ncha zote mbili yatasimama kimo kimoja.

Toboa milimita 65. Zungushia biti selotepu hapo ili usipitilize. Puliza vumbi lote litoke, kisha isukume fisha mpaka ipite plasta na ikae ndani ya tofali. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: fisha ikibaki kwenye plasta, umerudi kulekule kwa msumari. Biti ikizama kama inatoboa mchanga mtupu, tofali hilo lina saruji kidogo. Jaza tundu uji mzito wa saruji, ingiza fisha, subiri siku 2 ndipo ukaze.

Tafadhali, usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi, wala usawa wake kushoto na kulia. Nyaya hupita humo ndani ya ukuta. Ukuta unaopakana na bafu nao uuache kwa ajili ya mabomba. Na kabla ya yote mwone mwenye nyumba, umwambie ni matundu 4 na kwamba utayaziba kwa puti ukihama. Akijua idadi, huwa anapoa.

Mahali: karibu na mlango mnaoutumia kweli, hata kama si ukuta mzuri kuliko yote. Vitu vikae pale mikono inapovitupa sasa hivi. Kimo, msimamishe mdogo wenu ukutani. Kigingi kiwe juu kidogo ya kichwa chake, mahali anapofika akinyoosha mkono. Watu wazima mtainama kidogo, lakini mtoto wa miaka 4 ataweka begi lake mwenyewe, na huo ndio msaada mkubwa zaidi utakaoupata asubuhi.

Karatasi ni rahisi. Kanga iliyochakaa, fundi cherehani akushonee mifuko mitano kwenye kipande kimoja, itundikwe ubaoni kwa vitanzi: barua za shule, kadi za kliniki, risiti. Pembeni weka kalenda ya bure ya dukani. Chini yake andika kwa kalamu nene namba ya mita ya LUKU, tarakimu zote 11, maana umeme hukatika usiku na simu yenye namba hiyo iko kwa baba watoto kazini.

Funguo usiziweke kwenye kigingi cha mtu. Zipatie kulabu yake ndogo mwisho wa ubao, upande wa mlango, na mtu yeyote akiingia mkono wake uanzie hapo.