Maswali ya Wasomaji: Mwanasaikolojia wa Jamii ya Asili Asiachwe Peke Yake

Barua tulizochagua safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani. Zote zinahusu wanawake wa jamii za asili za nchi hiyo wanaosomea au kufanya kazi ya saikolojia: namna ya kuwalea kitaaluma, kuwaunganisha na wenzao, na kuwapa heshima wanayostahili. Tumezifupisha.

Nafundisha saikolojia chuoni, jimbo la Arizona. Tumempokea binti wa taifa la Navajo kwenye shahada ya uzamivu, naye ni peke yake kutoka kwao. Mimi si wa watu wake. Je, nafaa kuwa mlezi wake, au nimwachie mwingine? – Mwalimu

Unafaa, Mwalimu, ila usimlee peke yako. Kumwandaa mtu kwa mtihani wa leseni, kumtafutia mafunzo ya vitendo, na papo hapo kujua uzito wa kukosa sherehe ya kwao ni kazi ya watu watatu.

Wewe shika mambo ya chuo: kozi, tasnifu, saa za kliniki na mtihani wa kitaifa wa leseni. Mtihani huo una maswali 225, na yanayohesabiwa ni 175 tu. Mengine ni ya majaribio, na mtahiniwa hawezi kujua ni yapi. Mweleze mapema pia kwamba nafasi za mafunzo ya vitendo ya mwaka wa mwisho hugawanywa kwa mfumo wa kitaifa wa kompyuta unaolinganisha chaguo za mwanafunzi na za kituo, na matokeo yake yanambana. Akiorodhesha kituo kilicho mbali na kwao bila kufikiri, huenda akapangiwa hukohuko kwa mwaka mzima. Kaeni pamoja mwaka mmoja kabla, mtafute vituo vinavyohudumia jamii za asili, ndipo apange orodha yake.

Wa pili awe mwanasaikolojia wa kike wa jamii ya asili, hata kama yuko jimbo jingine. Pa kumtafutia ni Society of Indian Psychologists, chama cha wanasaikolojia wa jamii za asili. Chama hicho kilitokana na mtandao wa Carolyn Attneave, mwanamke wa asili ya Delaware, aliyesambaza jarida dogo ili wenzake waliotawanyika nchi nzima wajuane. Attneave huyohuyo, pamoja na daktari wa akili Ross Speck, aliandika mwaka 1973 kuhusu tiba inayokusanya ukoo, majirani na marafiki kumzunguka anayeumwa, badala ya kumfungia chumbani na mtaalamu mmoja. Mwanafunzi wako anahitaji mzunguko kama huo. Pia, ndani ya chama kikuu cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, Divisheni ya 35 inayoshughulikia saikolojia ya wanawake ina Seksheni ya 6, ambayo ni ya wanawake wa asili wa Marekani na Alaska. Usiishie kumtumia anwani ya tovuti. Andika wewe barua ya kumtambulisha, na idara imlipie ada ya uanachama, nauli na malazi ya mkutano mmoja kila mwaka. Ahadi hiyo iwe kwenye maandishi. Ya mdomo huyeyuka bajeti ikibana.

Wa tatu ni mtu wa kwao, mzee au shangazi, atakayemchagua mwenyewe. Kazi yako hapo ni kumwachia nafasi tu. Usiulize wanazungumza nini.

Kutaneni kila baada ya wiki mbili, dakika 45, siku na saa zilezile. Kikao cha kwanza kitoe karatasi ya ukurasa mmoja: malengo ya muhula, nani anafanya nini, rasimu itasomwa ndani ya siku ngapi (kumi zinatosha), na namna yeyote kati yenu anavyoweza kuvunja mpango huu bila kinyongo. Hilo la mwisho wengi huliruka. Mwanafunzi asiye na mlango wa kutokea hukaa kimya mwaka mzima, kisha huacha masomo.

Yanayoharibu ni matatu. La kwanza ni kumgeuza mwalimu wako wa mila. Kama unataka kujifunza historia ya Wanavajo, soma. Muda wake wa ulezi si darasa lako. La pili ni ruhusa. Baadhi ya sherehe za uponyaji za Wanavajo huchukua usiku tisa, na nyingine hufanywa majira ya baridi tu, kwa hiyo kumwambia angoje likizo ya kiangazi ni sawa na kumnyima. Kabla muhula haujaanza, kubaliana na wenzako wa idara atafidiaje vipindi na saa za kliniki, na asidaiwe maelezo ya kilichofanyika huko. La tatu ni kumweka kwenye kila kamati na kila picha ya matangazo. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Amado Padilla aliuita mzigo huu kodi ya kitamaduni: mtu hudaiwa kazi ya ziada kwa sababu ya asili yake, kisha kazi hiyo haihesabiwi anapopimwa. Kamati moja kwa mwaka inatosha. Wewe mlezi ndiye useme hapana kwa niaba yake, maana yeye akisema ataonekana mkaidi.

Rafiki yangu wa kabila la Blackfeet anataka kusomea saikolojia, lakini anaogopa deni. Msaada upo? – Dada wa Montana

Upo, dada. Indian Health Service, yaani huduma ya afya ya serikali kuu kwa jamii za asili, hutoa ufadhili kwa shahada ya uzamivu ya saikolojia ya tiba au ya ushauri nasaha. Saikolojia ya majaribio au ya viwanda haimo, na wapo wanaogundua hilo baada ya kusajiliwa. Aandae uthibitisho wa uanachama wa kabila mapema, kwani ofisi za usajili za makabila mengine hufanya kazi polepole.

Fedha hizo zinafungamana na utumishi: lazima afanye kazi angalau miaka 2 katika kituo kinachokubalika. Akivunja mkataba, sheria inaruhusu adaiwe hadi mara tatu ya alichopewa pamoja na riba, ikipunguzwa kwa kadiri ya muda aliotumikia. Asitie sahihi kabla ya kusoma kifungu hicho na mtu anayekielewa. Vilevile aulizie mpango wa INPSYDE, unaowalea wanafunzi wa jamii za asili kuelekea uzamivu wa saikolojia. University of Montana, iliyo jimboni kwenu, ni miongoni mwa vyuo vilivyouendesha.

Mwenzetu kazini ni wa jamii ya asili ya Lakota, mwanasaikolojia wa tiba kwa miaka mingi. Tumempendekeza kwa tuzo ya chama cha jimbo mara mbili, hajapata. Kamati inasema wasifu wake hauna machapisho ya kutosha. Tufanyeje? – Wafanyakazi wenzake

Kwanza mwulizeni kama anaitaka. Tuseme wazi: wapo wanaoona vibaya kuinuliwa peke yao kwa kazi iliyofanywa na wengi, na kumshtukiza mtu jukwaani ni kumkosea. Akikubali, mwulizeni jina la watu wake liandikweje, na kama kuna wazee au wasaidizi anaotaka watajwe pamoja naye. Tuzo nyingi zinaruhusu barua ya nyongeza. Itumieni kwa hilo.

Sasa barua yenyewe. Barua zinazoanguka huwa na sentensi kama hii: "Ni mwanamke shupavu aliyeshinda umaskini na mateso ya watu wake, na ni mfano kwa wote." Haina kitu cha kupima, na inauza machungu yake ili kamati imwonee huruma. Linganisheni na hii: "Kwa miaka sita amesimamia wanafunzi wa mafunzo ya vitendo kila Jumatano, wanane wamepata leseni, watano kati yao wanafanya kazi katika zahanati za makabila." Idadi hizo ni za mfano, nyie wekeni zake. Mjumbe wa kamati akisoma sentensi ya pili ana kitu cha kumtetea nacho.

Kaeni naye saa mbili na kalenda yake, mhesabu: saa za usimamizi kwa mwaka, wanafunzi waliofika leseni, semina kwa walimu na polisi, miongozo aliyoandika kwa ajili ya kabila, ripoti alizopeleka baraza la kabila, vipimo alivyokataa kuvitumia kwa sababu havikufanyiwa majaribio kwa watu wake, na alichobuni badala yake. Mwongozo unaotumika zahanati tatu ni chapisho, hata kama hauko kwenye jarida. Uambatisheni, pamoja na tarehe na barua fupi kutoka kituo kinachoutumia.

Kamati nyingi hazijui kazi ya namna hii hupimwaje, basi zipeni kipimo. Mfano unaojulikana ni mtaala wa stadi za maisha wa kuzuia kujiua uliotengenezwa pamoja na watu wa Zuni, New Mexico, kazi aliyoiongoza Teresa LaFromboise wa Chuo Kikuu cha Stanford. Jamii ilishiriki kuujenga, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1995. Mwingine ni Dolores Subia BigFoot wa taifa la Caddo, aliyeirekebisha tiba ya watoto walioumizwa ili iendane na mafundisho ya jamii za asili. Wanasaikolojia hao wanaheshimika kwa kazi iliyoanza na jamii, na kamati ikionyeshwa hivyo huona mwenzenu yuko kwenye mkondo upi.

Anzeni wiki nane kabla ya mwisho wa kupokea majina. Barua tatu: ya msimamizi au mwenzake, ya mwanafunzi aliyemlea, na ya baraza au mzee wa jamii. Ya mwisho huchelewa, kwa sababu baraza lina ratiba yake ya vikao, kwa hiyo iombeni kwanza. Epukeni kuandika "wa kwanza" popote bila uthibitisho; mara nyingi kuna mama mwingine aliyemtangulia akasahauliwa, na kumfuta ni dhuluma.

Jina likikataliwa tena, ombeni kamati ieleze kwa maandishi vigezo ilivyotumia. Halafu pendekezeni vigezo vyenyewe vibadilishwe, usimamizi na kazi ya jamii vipewe alama zake. Kuitunuku ari yake kwa maneno huku mnampima kwa idadi ya makala si haki.

Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika zahanati ya kabila, South Dakota. Mwanasaikolojia wetu amerudi kwao baada ya masomo, na kila anayeingia ni binamu, shangazi au mtu aliyesoma naye. Msimamizi wake wa mjini anamwambia hao wote awakatae. Ni kweli? – Ndugu yenu

Si kweli, ndugu. Kifungu cha 3.05 cha kanuni za maadili za APA kinasema uhusiano wa zaidi ya namna moja si kosa kama hautarajiwi kuvuruga uamuzi wake wa kitaalamu, kumnyonya mteja au kumdhuru. Kama ni yeye pekee katika eneo zima, kuwakataa wote ndiko kunakodhuru. Mwaka 2014 Society of Indian Psychologists ilitoa maelezo marefu kuhusu kanuni hizo, yakionyesha zinavyosomeka katika jamii ambamo ujamaa ndio msingi wa kuaminiana. Msimamizi ayasome.

Hata hivyo mpaka unahitajika. Ndugu wa nyumba moja asiwatibu. Jamaa wa mbali anaweza, lakini kikao cha kwanza wazungumze waziwazi: tukikutana msibani au kwenye sherehe nitakusalimu kama binamu, sitataja zahanati, na ukitaka mtu mwingine, nitakupeleka kwa fulani kwa video. Aandike kwenye faili kwamba hayo yamezungumzwa, sababu ya kumpokea, na lini wataangalia tena kama mpango unafaa. Kinachoharibu zaidi ni faili lenyewe: mpokezi ambaye ni shemeji wa mteja anapoweza kulifungua. Wewe uliye ndani ya zahanati unaweza kusaidia hapo. Hakikisha mfumo unazuia na kurekodi nani amefungua faili gani. Na mwanasaikolojia wenu apate angalau saa moja kwa mwezi ya kushauriana na mwenzake wa jamii ya asili anayefanya kazi katika mazingira kama hayo, muda huo uhesabiwe kazini.

Nataka tasnifu yangu ya uzamili iwe kuhusu wanawake hawa na walezi wao. Nianzie wapi? – Mwanafunzi

Anzia kwenye ruhusa. Idhini ya bodi ya maadili ya utafiti ya chuo chako haitoshi; makabila mengi yana bodi zao za utafiti. Ya Navajo hupitia tafiti zote zinazofanywa kwenye ardhi yao, na inataka kuona maandishi kabla hayajachapishwa. Panga miezi ya kusubiri, si wiki.

Ukali huo una sababu. Utafiti wa ulevi uliofanywa Barrow, Alaska, mwaka 1979, ulitangazwa kwa vyombo vya habari kwa namna iliyouaibisha mji mzima. Sampuli za damu za watu wa kabila la Havasupai, Arizona, waliozitoa wakijua ni kwa ajili ya kisukari, zilitumika pia kuchunguza skizofrenia. Mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kililipa dola 700,000 kumaliza kesi.

Tatizo la pili ni kwamba wanawake hawa ni wachache. Ukiandika "mwanasaikolojia Mhopi, umri wa miaka 40, anayefanya kazi Flagstaff", umeshamtaja jina. Usiambatanishe kabila, mji na cheo katika sentensi moja; tumia eneo pana na kundi la umri, na umrudishie kila mshiriki nukuu zake azipitie kabla hujakabidhi. Anayetaka jina lake litajwe, mruhusu kwa maandishi; wengine wamechoka kusomwa bila kutajwa.

Lipa muda wao, na weka malipo hayo kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukimaliza, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa kila kabila lililokuruhusu, uufikishe kabla ya mahafali yako.