Usikiulize Kitu Aina Yake, Kiagize Kifanye Kazi

Ninapohakiki msimbo wa mwenzangu, jambo la kwanza ninalolitafuta ni masharti yanayouliza aina ya kitu: instanceof katika Java au isinstance katika Python. Sharti moja peke yake halinisumbui. Shida huanza pale masharti yaleyale yanapojitokeza tena katika faili nyingine, kwa sababu hapo maarifa kuhusu aina moja yamekwisha kutawanyika.

Niliwahi kutunza mfumo uliotuma arifa kwa barua pepe na kwa SMS. Funksheni ya kutuma iliuliza aina ya arifa, ya kukagua urefu wa ujumbe ikauliza tena, na ya kurudia kutuma baada ya hitilafu nayo ikauliza. Ilipoongezwa aina ya tatu, funksheni mbili zilirekebishwa na hiyo ya mwisho ikasahaulika. Na kwa kuwa tawi lake la "vinginevyo" (else) lilirudisha false kimyakimya, arifa mpya zilizokwama hazikutumwa tena, wala logi haikuonyesha kosa lolote.

Ili kuondoa masharti hayo, tuliunda kiolesura (interface, yaani orodha ya mbinu ambazo kila klasi inayokifuata lazima iwe nazo) kiitwacho Arifa, chenye mbinu tuma(), urefuWaJuu() na irudiwe(); kila klasi, yaani kiolezo cha aina moja ya arifa, ikazitekeleza kwa namna yake. Anayeita huandika arifa.tuma() basi, na mbinu itakayoendeshwa huamuliwa na kitu chenyewe wakati programu inakimbia. Hiyo ndiyo polimofizimu, na si jambo geni: Simula 67 ilikuwa nayo tangu miaka ya 1960. Ninachokithamini zaidi ni kwamba ukisahau mbinu moja, kompaila ya Java hukataa papo hapo. Katika Python, klasi dhahania (isiyokamilika, inayoacha mbinu zitekelezwe na klasi nyingine) ya moduli abc hukataa kitu kisiundwe.

Ukianza kurekebisha, hamisha tawi mojamoja la masharti hadi kwenye klasi yake na uendeshe majaribio kila hatua.

Hata hivyo, usiitumie polimofizimu kila mahali. Data ghafi kutoka nje, kama JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data), lazima ikaguliwe aina yake mara moja inapoingia, ili klasi inayofaa ichaguliwe. Vilevile, aina zikiwa chache na zisizobadilika, huku shughuli zinazofanywa juu yake zikiongezeka kila mara, kama ilivyo kwa mti wa sintaksia (muundo unaoonyesha sehemu za msimbo uliochambuliwa), polimofizimu itakulazimisha kufungua klasi zote kwa kila shughuli mpya. Hapo mimi huchagua bila kusita switch ya Java 21 (sharti lenye matawi kwa kila aina) juu ya kiolesura cha sealed, yaani kinachotaja klasi zote zinazoruhusiwa kukitekeleza, kwa kuwa kompaila yenyewe huhakikisha kwamba hakuna aina iliyoachwa.