Ngeli katika lugha ya kubuni: anza na upatanisho

Mkuu, umeuliza kwa nini lugha yako ya kubuni, yenye ngeli (makundi ya nomino) 12 na kiambishi kwa kila moja, bado inasomeka kama Kiswahili kilichobadilishwa viambishi. Ni kwa sababu umeunda viambishi vya nomino ukaishia hapo. Ngeli inaishi kwenye upatanisho, yaani kwenye maneno yanayoizunguka nomino na kubadilika kuifuata. Kalamu na daktari hayana kiambishi chochote, ila hakuna anayebabaika: kalamu hii imevunjika, daktari huyu amefika.

Kidyirbal cha Queensland, Australia, kinakwenda mbali zaidi. Nomino hukaa tupu, na ngeli hubebwa na neno la pembeni: bayi, balan, balam au bala. Balam ni ya mimea na matunda yanayoliwa. Balan ina wanawake, maji na moto. Ndege wengi nao wako kwenye balan, kwani kwa imani ya wenyeji ni roho za wanawake waliokufa. Nomino isiyofuata kanuni kwenye lugha yako iwe na sababu ya namna hiyo, inayotoka kwenye maisha ya watu wako.

Kwanza piga hesabu. Ngeli 12 zikipatana na kivumishi, kionyeshi, kimilikishi, idadi, na viambishi vya mtenda na mtendwa kwenye kitenzi, unahitaji maumbo 72 kabla hujagusa wingi. Utachoka njiani, halafu utaanza kurudia kiambishi kilekile kila mahali. Chukua ngeli 6 na sehemu 3: maumbo 18. Kisha hakikisha kiambishi cha kitenzi hakifanani daima na cha kivumishi. Sisi husema mti mzuri umeanguka, embe zuri limeiva.

Tuseme ngeli ya vitu vigumu ina ke- kwenye nomino na kivumishi, o- kwenye kitenzi. Kebur kemal otog: jiwe kubwa limeanguka. Sasa weka sheria mbili za sauti: e hudondoka mbele ya l na r, ke- mbele ya irabu huwa ch-. Kelam (sufuria) inakuwa klam, keasu (jino) inakuwa chasu. Kwa macho hazifanani tena na kebur, lakini o- inazishika pamoja. Kosa linalojirudia hapa ni kupitisha sheria kwenye nomino na kusahau vivumishi. Kama -lon ni "refu", basi ni kebur klon, na usiirudishe kelon eti inapendeza zaidi.

Sehemu zisizopatana zitoke kwenye historia. Viti vitano, lakini viti sita: sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu, yakaingia bila kuvaa kiambishi. Maneno ya mkopo pia yaamuliwe mapema. Kitabu kiliingia na ki- iliyokuwa sehemu ya neno lenyewe, tukaisikia kama yetu, tukapata vitabu.

Uhai je, unashinda umbo? Kiboko wa mtoni anakuja, kiboko cha kuchapia kimekatika. Neno moja, upatanisho mbalimbali, maana haigongani. Hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote ambavyo ngeli zinakupa, usikiache.

Amua pia kitenzi kinafuata nini nomino mbili za ngeli tofauti zikiungana. Sisi tuna kikombe na sahani vimevunjika. Wengi huliruka hili, kisha hadithi ya kwanza inakwama kwenye sentensi ya tatu.

Ukimaliza, andika sentensi 20 zenye vitenzi na vivumishi tu, bila nomino, umpe mtu aliyeshika jedwali lako la viambishi. Akisoma otog aseme kitu kigumu kimeanguka. Akishindwa, viambishi vyako vya kitenzi vinafanana mno. Vitenganishe kabla ya kuongeza msamiati.